Deni Limeisha: majina tuliyoandika kwenye baiskeli

Kuna video ilikuwa inazunguka kwenye grupu yetu ya familia. Kijana mmoja wa Ulaya anaendesha baiskeli ya tairi moja, ile ya watu wa sarakasi, kando ya mto. Ameifunga kengele, ameivalisha riboni, ameweka taa ndogo chini ya kiti, na anaitambulisha kwa jina kama mtu aliyeleta mchumba nyumbani. Binamu yangu akaandika, "Hawa watu wana wakati." Mwingine akasema sisi kitu cha tairi moja tunachokijua ni wilbaro, na hata hiyo wilbaro ilienda ikawa alama ya chama kwenye uchaguzi wa 2022.

Mimi pia nilicheka. Halafu usiku nikakumbuka baiskeli ya Kuka, nikaona haya kidogo. Kuka ndivyo tunavyomwita babu kwetu Butere, na baiskeli yake ilikuwa na jina kabla hata baba yangu hajazaliwa. Jina lilikuwa limeandikwa kwa rangi nyeupe kwenye kile kipande cha raba kinachoning'inia nyuma, chini ya madigadi: DENI LIMEISHA. Binamu yangu anakumbuka vizuri. Yeye ndiye aliyeshika upande mmoja wa ile baiskeli siku tuliyoiuza. Hiyo nitafika.

Kwanza tuongee kuhusu baiskeli yenyewe, kwa sababu ukiwa umezaliwa juzi unaweza kudhani Blaki Mamba ni jina la kampuni. Si kampuni. Baiskeli hizi nzito za chuma, zenye magurudumu ya inchi 28 na breki za vyuma virefu badala ya waya, zilianza kuletwa na Waingereza. Raleigh zilitoka Nottingham, Hercules zilitoka Birmingham. Baada ya hapo zikaja za India, hasa Hero kutoka Ludhiana, kampuni iliyoanza kutengeneza baiskeli mwaka 1956, na za Uchina. Kila moja ilikuja na jina lake la kiwandani na beji yake mbele, chini ya usukani. Beji ya Raleigh ilikuwa na kichwa cha korongo, ndege aliyetolewa kwenye nembo ya familia ya Frank Bowden, mwenye kampuni. Fikiria: mtu anapanda mlima wa Maragoli na gunia la mahindi kwenye keria, na mbele yake kuna ndege wa ukoo wa tajiri wa Nottingham.

Watu hawakubishana na korongo. Walimwacha pale pale, wakaita baiskeli nyoka. Nyeusi, ndefu, inapita njia nyembamba kwenye majani bila kelele, na ukiichezea inakuangusha. Jina hilo halikutoka Nottingham wala Ludhiana. Liliitwa huku, na watu wa huku, likashika kiasi kwamba leo ukimuuliza fundi bei ya Blaki Mamba hatakuuliza ya kampuni gani. Raleigh wenyewe waliuza baiskeli zao Afrika kwa tangazo la mtu mweusi anayemkimbia simba kwa baiskeli, eti chuma chetu ndicho kitakuokoa na wanyama. Watu wakaamua mnyama ni baiskeli yenyewe.

Hii tabia ya kukipa chombo jina na kukipamba haikuanza na baiskeli, na wala haikuletwa na wazungu. Pwani, kwenye visiwa vya Lamu, palikuwa na chombo kinaitwa mtepe. Mbao zake zilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, bila msumari hata mmoja, na tanga lake lilikuwa mkeka. Omo yake ilichongwa kama kichwa, ambacho husemekana ni kichwa cha ngamia wa Mtume, na ilichorwa macho na kuvishwa hirizi. Mitepe imekwisha, lakini majahazi ya Lamu bado yana macho ya mbao mbele, mengine yana mwezi na nyota ndani, na kila moja lina jina. Nahodha hapeleki baharini kitu kipofu kisicho na jina. Ukitoka ufukweni ukaingia mitaa ya Mombasa utakuta mkokoteni wa hamali umeandikwa maneno ubavuni kwa rangi ile ile ya mashua. Sidai kwamba mtu wa Butere alijifunza kwa mtu wa Lamu. Nasema tu kwamba ukikaa na chombo kinachokulisha, siku moja utakiita jina.

Ila bara kulikuwa na jambo jingine, na hapa ndipo nadhani historia hii inauma. Sheria ya mwaka 1915, iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, ilimlazimu kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 na zaidi kubeba kipande. Ilikuwa karatasi yenye jina lake, alama za vidole, jina la mwajiri na mshahara wake, ikiwekwa kwenye kikopo cha chuma kinachoning'inizwa shingoni. Wengine walikifananisha na kengele ya mbuzi. Baba yake Kuka alikivaa. Kwa hiyo kulikuwa na kizazi kizima ambacho jina lake liliandikwa na serikali, kwa mwandiko wa karani, ili mtu asiende mahali bila ruhusa. Mtoto wa mtu kama huyo akipata pesa ya kununua chombo cha kumpeleka anakotaka, halafu akachukua brashi akaandika juu yake maneno anayoyataka yeye, mimi siwezi kuita hayo mapambo tu.

Kuka alinunua yake mwaka 1961, kwenye duka la Mhindi Kisumu, kwa malipo ya kidogo kidogo. Alikuwa karani wa mizani kwenye kiwanda cha kuchambua pamba. Kwanza, anavyosimulia Kukhu, yaani nyanya, aliandika BADO KIDOGO. Lilikuwa jibu. Watu walikuwa wakimkuta njiani wanamuuliza, "Umemaliza kulipa?" akachoka kujibu, akaandika. Alipomaliza, akapaka rangi nyeusi juu ya maneno yale, ikakauka, akaandika mapya. Ukiinama kwenye jua la asubuhi ungeona K ya zamani chini ya rangi. Nilipokuwa mdogo nilidhani ni uchafu.

Na aliivalisha kweli kweli. Fremu nzima ilizungushiwa vipande vya plastiki vya rangi, zambarau na kijani, ili isichubuke. Kiti kilikuwa na kava ya kitambaa yenye nyuzi zinazoning'inia pembeni, kazi ya Kukhu. Kwenye spoki kulikuwa na vishanga vya plastiki: akienda polepole vinalia tak, tak, tak, akiongeza mwendo vinanyamaza. Tulijua Kuka amefika kona ya kanisa kwa sauti hiyo kabla hatujamwona. Kulikuwa na dainamo, taa mbele, na kioo kimoja tu cha pembeni, cha kushoto. Sijui kilimsaidia kuona nini, maana barabara ile ilikuwa na gari moja kwa siku.

Wakati Kuka anapamba baiskeli yake ya kwenda kazini, kule Busia mpakani watu waligundua kwamba baiskeli ni kazi yenyewe. Kati ya kituo cha Kenya na cha Uganda kuna kipande cha barabara ambacho gari la abiria halikuvuka kirahisi, na mtu mwenye mizigo alipaswa kutembea. Miaka ya 1960 na 1970 vijana wakaanza kuwabeba kwenye keria, huku wakiita kwa Kiingereza cha mpakani: boda, boda. Neno likatoka Busia na Malaba, likashuka Kisumu, likapanda Kakamega, na leo linatumika hata na watu ambao hawajawahi kuona mpaka wowote.

Kwa boda, mapambo yalikuwa na hesabu. Baiskeli ni zile zile, nyeusi zote, zimepangwa ishirini chini ya mti mmoja. Mama ametoka sokoni na kikapu. Atachagua gani? Atachagua yenye mto mnene wa sponji uliovalishwa kitambaa safi, yenye vyuma vya kukanyagia miguu na kishikio cha kushika, kwa sababu atakaa upande, miguu yote upande mmoja, na hataki kuanguka mbele ya watu. Blada, ule mpira wa tyubu kuukuu uliokatwa mikanda, ilifunga kila kitu, kuanzia mto hadi mtungi wa gesi. Na nyuma, kwenye raba, jina. Nilizisoma nikiwa shule ya msingi, nikitembea nyuma yao: MUNGU YUPO. JIPE MOYO. USINIONE HIVI. Moja, Mungu amsamehe mwenyewe, iliandikwa MKE WA KWANZA. Majina ya timu za Uingereza yalikuja baadaye. Abiria hakusema "nipeleke na ile nyeusi." Alisema, "Niitie Jipe Moyo," na mwenye baiskeli akageuka, kwa sababu hilo ndilo lilikuwa jina lake pia stejini. Kuna watu wazima nyumbani ambao mpaka leo sijui walibatizwa nani.

Serikali iliona majina ya matatu, ya baiskeli haikuyaona. Mwaka 2004 kanuni za waziri John Michuki zilileta mstari wa manjano, mikanda na vidhibiti mwendo, na michoro ya nganya ikapigwa vita. Ikabidi isubiri hadi 2014 ndipo Rais Uhuru Kenyatta aseme vijana waachwe wachore. Kuhusu hayo kumeandikwa makala na kutengenezwa filamu, na ni sawa, nganya ni sanaa. Lakini miaka hiyo yote MUNGU YUPO ilikuwa inapita mbele ya askari yule yule na hakuna aliyeisimamisha. Nilikuwa nikidhani hiyo ni bahati. Siku hizi nadhani ni dharau, na dharau hiyo ndiyo imetugharimu. Kitu ambacho serikali inakipiga marufuku kinabaki kwenye faili, na ambacho haikioni hakiachi karatasi.

Halafu pikipiki zikaja. Mwaka 2008 serikali iliondoa kodi kwa pikipiki zenye injini ndogo, za chini ya 250cc, na ndani ya miaka michache steji ya Butere ilibadilika sauti. Siwezi kulilia baiskeli mbele ya mtu aliyekuwa akipanda vilima vyetu na abiria wa kilo 90 mgongoni. Muulize magoti yake. Pikipiki nazo zilirithi mto, nyuzi, stika na majina, ila jina sasa linakuja tayari, stika iliyochapwa, unachagua dukani. Hata shirika la World Bicycle Relief, linalogawa baiskeli ngumu za vijijini, lilizipa zake jina la mnyama huko huko kiwandani: Buffalo. Ni baiskeli nzuri sana. Lakini nyati huyo alikuja ameshaitwa.

Baiskeli ya Kuka ilikaa nyuma ya jikoni. Alifariki 2011. Mwaka uliofuata, mimi na binamu yangu tulikuwa tumefunga shule, hatuna hata pesa ya kredo, na mtu wa vyuma chakavu alikuwa anapita na mizani yake. Hatukumuuliza mtu. Tuliing'oa raba, vishanga na plastiki kwa sababu alisema analipa chuma tu, tukaitundika kwenye ndoano yake. Ikauzwa kwa kilo. Pesa ilitosha simu kuongea wiki mbili, na soda. Kukhu aliporudi kutoka shambani hakutupiga. Aliuliza tu, "Na ile taa?" Taa pia ilikuwa imeenda.

Baada ya ile video nilimpigia simu. Nilitaka kujua siku Kuka alipoandika lile jina la pili alikuwa anajisikiaje. Alinyamaza kidogo, halafu akacheka kile kicheko chake cha kupumua.

"Nani alikwambia ni yeye aliyelichagua?"

Kumbe malipo matatu ya mwisho yalikuwa ya njugu zake. Kiwanda kilikuwa kimechelewesha mishahara, mwenye duka ametuma mtu kuja kuichukua baiskeli, na Kukhu akafungua gunia alilokuwa ameliweka la mbegu. Alipeleka pesa Kisumu mwenyewe, kwa basi, kwa sababu hakujua kuendesha na hakuna aliyewahi kumfundisha. Aliporudi na risiti akamwambia mumewe chukua rangi, andika. Kuka akauliza aandike nini. Miaka hamsini ile baiskeli ilipita sokoni, kanisani na kwenye mazishi ikisema maneno yake, na kila mtu, mimi nikiwemo, alidhani ni ya mzee.

Krismasi iliyopita nilienda nyumbani. Nilitafuta nyuma ya jikoni, kwenye stoo, chini ya matangi. Hakuna. Jioni Kukhu akanituma kufunga kuku. Mlango wa banda hauna bawaba za dukani, umeshikwa na vipande viwili vya raba nyeusi vilivyopigiliwa misumari. Cha juu hakina kitu. Cha chini kimegeuzwa, na ukiwasha tochi ya simu unaona herufi nyeupe zilizolala ubavu: NI LIM, na msumari umepita katikati ya M.

Nimeipiga picha nikaiweka kwenye grupu. Binamu yangu bado hajajibu, lakini ameiona.