Teraflopu 12 dhidi ya 10: Kwa nini ubishi wa nguvu za PlayStation na Xbox hauishi?

Tarehe 18 Machi 2020, siku ambazo nchi nyingi zilikuwa zikifunga shule na mipaka kwa sababu ya virusi vya corona, mashabiki wa gemu walikaa mbele ya simu na kompyuta wakisubiri kuiona PlayStation 5 kwa mara ya kwanza. Hawakuiona. Alitokea Mark Cerny, mhandisi aliyeongoza usanifu wa mashine hiyo, akatoa mhadhara wa karibu saa nzima kuhusu diski, joto la chipu na mfumo wa sauti. Ulikuwa umeandaliwa kwa ajili ya watengenezaji wa gemu, na kwa shabiki wa kawaida ulikuwa mzito kama somo la fizikia saa nane mchana.

Namba moja tu iliwaamsha wote: 10.28. Siku mbili kabla, Microsoft ilikuwa imeeleza kwamba Xbox Series X itakuwa na teraflopu 12. Tambo zikaanza hapo hapo. Wa Xbox wakasema mashine yao ndiyo yenye nguvu kuliko zote. Wa PlayStation wakajibu kwamba diski yao husoma data kwa kasi ya gigabaiti 5.5 kwa sekunde, wakati ya Xbox ni 2.4. Kwa kuwa kasi ya chipu ya PS5 hupanda na kushuka, wapinzani wakadai kwamba kwa kweli hiyo ni mashine ya teraflopu 9 iliyopigwa debe ionekane ya 10. Wakati huo hakuna shabiki aliyekuwa ameigusa mashine yoyote kati ya hizo mbili. Zingefika madukani Novemba.

Anayetazama kutoka nje huona utoto. Lakini konsoli moja ya kiwango hicho iliuzwa dola 499, na anayeinunua hukaa nayo miaka sita au saba. Akikosea, gemu alizozitaka zitamfikia zikiwa zimepunguzwa ubora, au zitachelewa, au hazitakuja kabisa. Kabla gemu hazijatoka, namba ndizo ushahidi pekee alionao wa kuamua fedha zake ziende wapi. Kwa hiyo ni vyema kujua namba hizo zinapima nini.

Teraflopu ni nini hasa?

Teraflopu moja ni hesabu trilioni moja za namba zenye desimali kwa sekunde moja. Hesabu hizo hufanywa na chipu ya michoro, ile inayoamua kila nukta ya picha kwenye televisheni yako iwe na rangi gani.

Jambo ambalo mashabiki wengi hawaambiwi ni kwamba namba hiyo hupatikana kwa kuzidisha kwenye karatasi, bila hata kuwasha mashine. Chipu ya PS5 ina vitengo 36 vya kukokotoa. Kila kitengo kina njia 64. Kila njia inaweza kufanya hesabu mbili kwa kila pigo la chipu, na chipu hupiga hadi mara bilioni 2.23 kwa sekunde. Zidisha vyote, unapata 10.28. Xbox Series X ina vitengo 52 vinavyopiga mara bilioni 1.825 kwa sekunde. Zidisha, unapata 12.15.

Hicho ni kiwango cha juu kabisa, ikiwa kila njia ina kazi kwa kila pigo. Katika gemu halisi haiwi hivyo. Muda mwingi sehemu ya chipu hukaa ikisubiri data ifike kutoka kwenye kumbukumbu, au ikisubiri sehemu nyingine imalize zamu yake.

Chukua mfano wa shughuli ya harusi. Upande mmoja una wapishi 52 wa mwendo wa wastani, upande mwingine wapishi 36 wepesi zaidi. Ukihesabu vitunguu tu, wale 52 watashinda. Lakini jikoni kuna kazi zisizoongezeka kasi kwa kuongeza wapishi: maji hutoka kwenye bomba moja, na masinia hupita mlango mmoja. Ndani ya chipu ya michoro pia kuna sehemu za namna hiyo, nazo huenda kwa kasi ya mapigo ya chipu yenyewe. Hapo PS5 ilikuwa mbele kwa zaidi ya asilimia 20, ingawa ilikuwa nyuma kwa teraflopu.

Kumbukumbu nayo ina habari yake. Zote mbili zina gigabaiti 16. Za PS5 zote hupitisha data kwa gigabaiti 448 kwa sekunde. Za Xbox zimegawanywa: 10 hupitisha 560, na 6 zilizobaki hupitisha 336. Nani ana kumbukumbu bora? Inategemea gemu imeweka nini wapi, na swali hilo haliwezi kujibiwa kwa namba moja ya kwenye tangazo.

Mashine zilipofika

Novemba 2020 wachambuzi wa Digital Foundry, ambao kazi yao ni kuhesabu pikseli na fremu za gemu moja kwenye mashine tofauti, waliweka Assassin's Creed Valhalla kwenye mizani. Waliotarajia ushindi rahisi wa Xbox walishangaa. PS5 ndiyo iliyoshikilia fremu 60 kwa sekunde vizuri zaidi, huku picha ya Xbox ikikatikakatika katikati ya skrini. Baadaye sasisho la gemu lilipunguza tofauti hiyo.

Miezi miwili hivi baadaye ikatoka Hitman 3, na upepo ukageuka. Xbox Series X iliendesha gemu hiyo kwa ubora kamili wa 4K, yaani mistari 2160 ya picha, na vivuli vilivyochorwa vizuri zaidi. PS5 ilibaki kwenye mistari 1800.

Kwa hiyo kila kambi ilipata gemu ya kutambia. Katika gemu nyingi zilizofuata, tofauti imekuwa ndogo kiasi kwamba anayecheza kwenye televisheni ya kawaida ya 1080p hawezi kuiona bila kuonyeshwa. Hilo la televisheni ningependa lisisitizwe zaidi, maana wapo wanaogombania mistari 1800 na 2160 huku skrini zao zikiwa na mistari 1080.

Hata ile hoja ya diski ilipoa kidogo. Ratchet & Clank: Rift Apart ya mwaka 2021, ambayo mchezaji huruka kutoka ulimwengu mmoja hadi mwingine kwa kufumba na kufumbua, ilitolewa kama mfano wa jambo linalowezekana kwa diski ya PS5. Mwaka 2023 gemu hiyo ilipohamishiwa kwenye kompyuta, kiwango cha chini kilichotajwa kiliruhusu hata diski kuu ya kizamani, ingawa kwa ubora wa chini. Diski ya kasi inasaidia sana, hasa kufupisha muda wa kusubiri. Ila haikuwa muujiza.

Ubishi huu ulianza lini?

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kipimo kilikuwa megahezi na biti. Prosesa kuu ya Sega Mega Drive ilipiga mara milioni 7.6 kwa sekunde, wakati ile ya Super Nintendo ilifika milioni 3.58 tu. Sega ya Marekani ikalipamba jambo hilo kwa jina la kibiashara, Blast Processing, na kulirudia kwenye matangazo hadi watoto wakalikariri. Matangazo hayakutaja kwamba Super Nintendo iliweza kuonyesha rangi 256 kwa wakati mmoja, na Mega Drive takriban 60. Mwaka 1993 Atari ikaja na Jaguar na kujisifu kwa biti 64, ikiwaambia wanunuzi wapige hesabu wenyewe. Walipiga. Gemu nzuri zilikuwa chache, na kufikia 1996 mashine hiyo ilikuwa imeachwa.

Kisha likaja pambano ambalo bado hutumika kama ushahidi kwamba nguvu si kila kitu. PlayStation 2 ilitoka mwaka 2000 na kumbukumbu ya megabaiti 32. Xbox ya kwanza, mwaka 2001, ilikuwa na megabaiti 64 na prosesa ya Intel ya megahezi 733, zaidi ya maradufu ya kasi ya PS2. Kwa karatasi PS2 ilikuwa dhaifu, hata mbele ya GameCube ya Nintendo. Iliuza zaidi ya mashine milioni 160. Xbox iliuza takriban milioni 24, na GameCube karibu milioni 22. PS2 ilikuwa imetangulia sokoni, ilicheza DVD, na ilikuwa na gemu nyingi mno. Sega, ambayo Dreamcast yake ilikuwa imetangulia zote hizo, ilitangaza Januari 2001 kwamba inaacha kutengeneza konsoli.

Wenye vibanda vya gemu Dar es Salaam au Nairobi wanaikumbuka PS2 kwa sababu nyingine. Gemu za mpira ziliendelea kuifuata kwa muda mrefu kuliko mtu angetarajia: FIFA 14 na PES 2014 zote zilitoka kwenye PS2 mwaka 2013, miaka 13 baada ya mashine hiyo kuzinduliwa.

PlayStation 3 ilifundisha kinyume chake. Prosesa yake, Cell, ilikuwa na uwezo mkubwa wa hesabu kiasi kwamba mwaka 2010 Jeshi la Anga la Marekani liliunganisha PS3 1,760 kutengeneza kompyuta moja kubwa ya utafiti. Lakini kuiandikia gemu kulihitaji mtu agawanye kazi kwa mikono kati ya sehemu nyingi ndogo za prosesa, na kampuni nyingi hazikuwa na muda huo. Matokeo yake gemu kama Bayonetta ikawa mbaya zaidi kwenye PS3 kuliko kwenye Xbox 360, mashine iliyotangulia kwa mwaka mzima na kuuzwa kwa bei nafuu. Nguvu ilikuwepo, wa kuitoa hawakuwepo wa kutosha.

Pale namba inapokuwa na maana

Isidhaniwe kwamba namba ni porojo tupu. Mwaka 2013 PS4 ilikuwa na teraflopu 1.84 na Xbox One 1.31. Chipu zote mbili zilitoka AMD, za ukoo mmoja, kwa hiyo kulinganisha kulikuwa halali. Kumbukumbu ya PS4 pia ilikuwa na kasi zaidi. Mchezaji aliiona tofauti kwa macho: Call of Duty: Ghosts ilikuwa 1080p kwenye PS4 na 720p kwenye Xbox One. Na Xbox One ndiyo iliyokuwa ghali kwa dola 100, kwa sababu iliuzwa pamoja na kamera ya Kinect. Mwaka 2014 Microsoft iliitoa kamera hiyo kwenye kifurushi, ikashusha bei, na kuwarudishia watengenezaji sehemu ya nguvu ya michoro iliyokuwa imetengwa kwa ajili yake. Ilikuwa imechelewa.

Mfano wa karibuni zaidi ni Xbox Series S, mdogo wake Series X, iliyouzwa dola 299. Wengi hutaja teraflopu zake 4, lakini kinachowasumbua watengenezaji ni kumbukumbu: gigabaiti 10 badala ya 16. Baldur's Gate 3 ilitoka kwenye PS5 Septemba 2023. Kwenye Xbox ilisubiri hadi Desemba, kwa sababu studio ya Larian haikuweza kuifanya Series S iendeshe wachezaji wawili kwenye skrini moja iliyogawanywa, na masharti ya Microsoft yalitaka mashine zote mbili zipate gemu ileile. Mwishowe Series S iliruhusiwa kuikosa sehemu hiyo. Waliolipa dola 499 kwa Series X walisubiri pamoja na waliolipa 299, na hasira yao ilikuwa ya haki.

Wapenzi wa mpira walio na Nintendo Switch nao wanajua maumivu hayo. Kuanzia FIFA 20 hadi FIFA 23 walipewa toleo lenye vikosi na jezi mpya, lakini uchezaji ukiwa wa zamani. Hapo hata mtu asiyejua teraflopu ni nini aliona amepewa kiporo. Lakini Switch imepita mashine milioni 150 kwa mauzo, mbele sana ya Xbox zote za enzi zake, kwa sababu unaweza kuitia begini na ina gemu za Nintendo ambazo hazipatikani kwingine.

PS5 Pro ilipotangazwa Septemba 2024 kwa dola 699, Cerny hakuinadi kwa teraflopu. Alisema ina vitengo vya kukokotoa asilimia 67 zaidi ya PS5, na kwamba uchoraji wa picha utakuwa na kasi hadi asilimia 45 zaidi. Tofauti kati ya 67 na 45 inatoka palepale kwenye bomba na mlango wa lile jiko la harusi. Mashabiki walikuwa tayari na namba yao, 33.5, iliyovuja miezi kadhaa kabla. Namba rasmi ilipojulikana ikawa 16.7, nusu kabisa, kwa kuwa ile ya kwanza ilihesabu kila njia kana kwamba inafanya kazi maradufu kwa pigo moja. Chipu ilikuwa ileile.