Kutoka Karthago hadi Milima ya Masisi: Historia Fupi ya Mapadri Weupe

Mwaka 2028 Shirika la Wamisionari wa Afrika, ambalo Wakristu wengi wa Kivu wanalijua kwa jina la Mapadri Weupe, litatimiza miaka 160 tangu lianzishwe, na miaka 150 tangu msafara wake wa kwanza uondoke pwani ya Bahari ya Hindi kuelekea maziwa makuu. Hapa Lushebere, na kote katika milima ya Masisi, imani Katoliki ni tunda la njia waliyoifungua. Lakini historia yao haianzii 1868. Inaanzia katika Afrika ya Kirumi, kwenye Kanisa lililozaa mashahidi na walimu wakubwa, kisha likafa. Waliotuletea Injili waliishi juu ya magofu ya Kanisa hilo, na mengi waliyotuachia waliyajifunza kutokana na maisha yake na kifo chake.

Kanisa la Afrika chini ya Roma

Warumi waliibomoa Karthago, katika nchi ambayo leo ni Tunisia, mwaka 146 kabla ya Kristu. Miaka mia moja baadaye Yulio Kaisari na Augusto waliifufua, nayo ikakua hadi kuwa mojawapo ya miji mikubwa ya dola upande wa magharibi. Ngano ya Afrika ikawa chakula cha wakazi wa Roma.

Habari ya kwanza yenye tarehe kuhusu Wakristu wa huko ni kumbukumbu ya kesi. Tarehe 17 Julai 180, Wakristu 12 wa Scilli, wanaume 7 na wanawake 5, walisimamishwa Karthago mbele ya liwali Vigellius Saturninus. Alipouliza kilichomo katika sanduku lao, walimjibu kuwa ni vitabu na barua za Paulo. Aliwapa siku 30 wajifikirie, nao wakazikataa. Siku hiyohiyo walikatwa vichwa.

Tarehe 7 Machi 203 ikafika zamu ya Perpetua na Felisita. Perpetua alikuwa na umri wa miaka 22, binti wa ukoo wa heshima, mama anayenyonyesha. Felisita alikuwa mtumwa, na alijifungua gerezani siku chache kabla ya kutupwa kwa wanyama. Walipokamatwa walikuwa bado wakatekumeni. Walibatizwa wakiwa chini ya ulinzi. Mwalimu wao Saturo hakuwapo siku ya kukamatwa, lakini alijisalimisha mwenyewe ili afe pamoja na wanafunzi wake. Perpetua aliandika kwa mkono wake habari za gerezani, na maandishi hayo yangalipo.

Mwaka 250 Kaisari Decius aliamuru kila mtu atoe sadaka kwa miungu na kupewa hati ya kuthibitisha. Wakristu wengi waliogopa, wakatii. Askofu Sipriani wa Karthago alilazimika kuamua watapokelewaje wakirudi. Yeye na maaskofu wenzake walichagua njia ya toba ya muda mrefu. Sipriani mwenyewe aliuawa 14 Septemba 258. Amani ilipokuja mwaka 313 chini ya Konstantino, Kanisa la Afrika lilikuwa limeshapasuka, wafuasi wa Donato upande mmoja na Wakatoliki upande mwingine, kwa sababu ya ugomvi juu ya viongozi waliodaiwa kuyakabidhi Maandiko kwa watesi. Mgawanyiko huo ulidumu zaidi ya karne moja. Augustino, askofu wa Hippo, alipambana nao miaka mingi, akafariki 430 huku Wavandali wameuzingira mji wake.

Kifo cha Kanisa

Wavandali waliitwaa Karthago 439, na majeshi ya Waarabu yakaishinda mwaka 698. Hata hivyo Kanisa halikuzimika kwa siku moja. Lilipungua polepole. Mwaka 1053 Papa Leo wa Tisa alisikitika kwamba Afrika nzima imebakiwa na maaskofu watano. Mwaka 1076 Papa Gregori wa Saba alieleza kuwa hawapatikani hata watatu, idadi inayohitajika kumweka wakfu askofu mpya. Baada ya hapo kukawa kimya.

Nchini Misri, Wakristu walipita chini ya utawala huohuo na wapo hadi leo. Tofauti moja ni kwamba Wamisri walikuwa na Maandiko na ibada katika Kikopti, lugha ya wakulima. Kanisa la Karthago lilisali kwa Kilatini, lugha ya mijini na ya watawala. Vijijini watu walisema Kipuniki na lugha za Waberiberi, na hakuna Biblia ya lugha hizo iliyotufikia. Wenye mali na elimu walipovuka bahari kukimbilia Italia, walioachwa nyuma walibaki na imani isiyo na maneno yao. Ongeza karne ya ugomvi wa ndugu kwa ndugu, na sababu za kifo zinaanza kueleweka.

Mwanahistoria aliyegeuka mmisionari

Charles Lavigerie alizaliwa Ufaransa mwaka 1825. Kabla ya kuwa askofu alifundisha historia ya Kanisa la kale katika Sorbonne, Paris. Mwaka 1867 aliteuliwa kuwa askofu mkuu wa Algiers, akakuta njaa na kipindupindu vimeacha yatima wengi. Kutokana na kazi ya kuwalea walizaliwa Wamisionari wa Afrika mwaka 1868, na mwaka uliofuata masista wenzao. Walivaa kanzu nyeupe, joho la Waarabu na rozari shingoni. Ndipo watu walipowaita Mapadri Weupe.

Mwaka 1875 baadhi yao walitumwa Karthago kulinda kanisa dogo la Mtakatifu Ludoviko juu ya kilima cha Byrsa. Mmoja wao, Padri Alfred Louis Delattre, alianza kuchimba. Kwa zaidi ya miaka 50, hadi alipofariki mwaka 1932, alifukua makaburi, makanisa na uwanja wa michezo wa Kirumi. Mwaka 1907 yeye na wenzake walipata vipande vya jiwe lenye majina ya Perpetua na Felisita. Lavigerie, aliyekuwa tayari kardinali, alipewa mwaka 1884 cheo cha askofu mkuu wa Karthago, kiti cha Sipriani kilichofufuliwa. Shirika hilohilo, katika miaka hiyohiyo, lilikuwa na watu wanaofukua mawe ya Karthago na watu wanaotembea kwa miguu kwenda Tanganyika.

Kanuni alizowapa zinaonyesha somo lililopatikana. Wasiishi pungufu ya watatu mahali pamoja. Wajifunze lugha ya watu upesi, na baada ya miezi michache waizungumze hata wao kwa wao. Muhimu kuliko zote: wasiharakishe ubatizo. Alirudisha ukatekumeni wa karne za kwanza, akauwekea miaka minne: miwili ya kuomba na kujifunza misingi, miwili ya ukatekumeni wenyewe. Wamisionari wengi wa siku zile walihesabu waliobatizwa. Lavigerie aliyajua yaliyotokea chini ya Decius, akataka watu watakaosimama.

Msafara na jaribio la kwanza

Msafara wa kwanza uliondoka Bagamoyo Juni 1878. Kundi moja lilifika Ujiji mapema 1879, jingine likaenda Buganda, ambako Padri Siméon Lourdel, aliyeitwa Mapera, na Bruda Amans waliingia Februari 1879. Mwaka 1882 wamisionari walilazimika kuondoka Buganda, wakarudi 1885. Walikuta wanafunzi wao wameifundisha imani majirani bila padri hata mmoja, na idadi imeongezeka.

Kisha yakaja mateso. Yosefu Mukasa Balikuddembe aliuawa 15 Novemba 1885. Usiku huo Karoli Lwanga alibatizwa, na Mei 1886, kabla ya kupelekwa Namugongo kuuawa, yeye mwenyewe aliwabatiza vijana waliokuwa bado wakatekumeni, akiwemo Kizito. Yaliyotokea Karthago mwaka 203 yalijirudia kando ya Ziwa Nyanza: mwalimu na wanafunzi wake, ubatizo ukingoni mwa kifo. Wakatoliki 22 walitangazwa watakatifu 18 Oktoba 1964. Katika mahubiri ya siku hiyo Papa Paulo wa Sita aliwaunganisha na mashahidi wa Scilli na wa Karthago, na akawaheshimu pia Waanglikana waliokufa kwa jina la Kristu.

Kongo na Kivu

Upande wetu wa Tanganyika, wamisionari walifungua kituo cha Kibanga mwaka 1883 na kupokea ngome ya Mpala mwaka 1885 kutoka kwa watu wa Mfalme Leopold. Biashara ya watumwa ilikuwa inaunguza nchi. Mwaka 1888 Lavigerie alizunguka miji mikuu ya Ulaya akiipinga hadharani. Adrien Atiman, aliyeuzwa utotoni na kukombolewa na wamisionari, alisomea utabibu Malta, akafika Karema mwaka 1889 na kutibu watu hadi alipofariki 1956. Kapteni Joubert, aliyewahi kuwa askari wa Papa huko Roma, alikuja kuvilinda vijiji vya Tanganyika, akaoa mwenyeji, Agnes Atakaye, akafia huku mwaka 1927.

Kumbukumbu ya kweli haifichi kivuli. Watoto waliokombolewa mara nyingi walikulia katika vijiji ambamo padri alikuwa pia mtawala na hakimu. Baadaye misheni ilitembea bega kwa bega na serikali ya kikoloni, na ibada iliendelea kwa Kilatini kwa miaka mingi, kosa lilelile la Karthago. Lakini mbegu nyingine ilikuwa imepandwa: 21 Julai 1917 Stefano Kaoze alipewa upadri huko Baudouinville, padri wa kwanza Mkongomani wa nyakati zetu.

Kivu ilifikiwa kutoka kusini. Misheni ya Nyangezi ilianzishwa mwaka 1906. Zikafuata nyingine kuelekea kaskazini, miongoni mwake Lulenga huko Rutshuru na Bobandana kando ya Ziwa Kivu. Mwaka 1959 jimbo la Goma lilizaliwa, nasi Masisi tukawa ndani yake. Askofu wake wa kwanza, Joseph Mikararanga Busimba, alikuwa mwana wa nchi. Kilichokosekana vijijini Karthago, yaani wachungaji wanaosema lugha ya watu, hapa kilipatikana katika kizazi cha pili.

Urithi mikononi mwetu

Mwaka 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano uliagiza ukatekumeni wa hatua urudishwe katika Kanisa lote. Jambo ambalo wakatekista wa Afrika walikuwa wakilifanya chini ya miti likawa kanuni ya Roma. Wala ushahidi haukukoma. Padri Albert Joubert, mwana wa kapteni na Agnes, aliuawa Fizi 28 Novemba 1964 pamoja na wamisionari Waksaveri; walitangazwa wenyeheri Uvira 18 Agosti 2024. Floribert Bwana Chui, mfanyakazi wa ukaguzi wa bidhaa mpakani Goma, aliuawa Julai 2007 kwa kukataa rushwa ili chakula kibovu kisiingie sokoni. Alitangazwa mwenyeheri 15 Juni 2025, Roma, katika basilika lililojengwa juu ya kaburi la Mtume Paulo, ambaye barua zake zilikuwa katika sanduku la watu wa Scilli.

Masisi imeishi na vita zaidi ya miaka 30. Lushebere imewapokea waliokimbia mara nyingi, na mara nyingi watu wake nao wamekimbia. Padri anapokosekana, mkatekista ndiye anayekusanya watu Jumapili, anayefundisha watoto, anayezika wafu. Jumuiya ndogo zinazomzunguka zina watu wa lugha mbalimbali, Kihunde, Kinyarwanda, Kinyanga, na zinasali pamoja kwa Kiswahili. Hapo ndipo somo la Karthago linapotuhusu zaidi: majeshi ya kigeni hayakutosha kuliua Kanisa lile, liliuawa pia na lugha isiyo ya watu, pamoja na ndugu waliokataa kupatana kwa zaidi ya miaka mia.

Kwa hiyo yubile ya 2028 isiishie kwenye misa kubwa na vitenge vipya. Tuwape wakatekista wetu masomo, vitabu na riziki ya kustahili. Tusifupishe miaka ya ukatekumeni kwa ajili ya takwimu za parokia. Na jirani wa kabila jingine asiwe adui kanisani mwetu, kwa maana Felisita mtumwa na Perpetua bibi wa heshima walikufa pamoja, na Kanisa linawataja pamoja hadi leo.