Wembe Usio na Jina

Vyombo vidogo hudharauliwa na watu, lakini historia haividharau. Mfalme huacha ngome, serikali huacha nyaraka. Mtu wa kawaida huacha kikombe, kijiko au wembe. Atakaye kujua maisha ya mtu wa kawaida hana budi kujifunza kuvisoma vyombo hivyo.

Tuchukue mfano. Tuseme katika nyumba moja ya Waberi, mjini Garissa, sanduku la marehemu babu limefunguliwa, na ndani yake imeonekana mashine ya kunyolea ndevu: mpini mfupi wa madini na kichwa kinachobana wembe mwembamba wenye makali pande mbili. Haina jina la mtengenezaji. Wajukuu wanasema kwa fahari, "Hii ni ya askari wa vita vya 1941." Je, tusadiki?

Dai hilo si la ovyo. Italia ilipoingia vitani mwaka 1940, majeshi yaliyokuwa chini ya Waingereza yalijipanga kando ya Mto Tana, Garissa ikiwa mojawapo ya vituo vyao. Humo walikuwamo Waafrika wa Mashariki, watu wa Gold Coast, ambayo leo ni Ghana, na watu wa Afrika Kusini. Februari 1941 majeshi hayo yalisonga mbele; Kismayu ilitwaliwa tarehe 14, na Mogadishu tarehe 25. Askari hunyoa, na askari husahau vitu au huviuza. Basi yawezekana. Lakini "yawezekana" si "ndivyo", na katikati ya maneno hayo mawili ndipo ilipo kazi ya mwanahistoria.

Kwanza tuiulize mashine umri wake. Wembe wa namna hii ulibuniwa na Mmarekani King Camp Gillette, aliyesaidiwa na fundi William Nickerson. Mwaka 1903 ziliuzwa mashine 51 tu. Hataza yake ya Marekani ilitolewa mwaka 1904, na muda wake ukaisha mwaka 1921. Baada ya hapo viwanda vingi viliiga bila hofu. Kwa hiyo mashine isiyo na jina, iliyofuata mtindo huo, yaelekea kuwa ya baada ya 1921 kuliko kabla yake.

Pili tukitazame kichwa. Nyembe za kwanza za Gillette zilikuwa na matundu matatu ya duara, na kifuniko cha mashine kilikuwa na vijiti vya kuingia humo. Tangu 1930 ulienea wembe wenye ufa mrefu katikati. Hapa wengi hujikwaa. Wembe wa ufa huingia pia katika mashine za kale, na waigaji waliendelea kutengeneza vichwa vya mtindo wa zamani kwa miaka mingi. Hivyo vijiti hutuambia mtindo ulianza lini, wala havituambii ulikoma lini. Tena wembe uliokutwa ndani huenda ulinunuliwa miaka 30 baada ya mashine yenyewe.

Tatu tutafute alama, chini ya kichwa na kwenye kitako cha mpini. Namba ya hataza ni hazina, kwa kuwa daftari za serikali huonyesha ilitolewa mwaka gani. Herufi D.R.G.M. ni za Ujerumani, na zilitumika tangu 1891 hadi nyakati za Vita vya Pili vya Dunia. Mashine nyingi za Gillette za miaka ya 1950 zina herufi ya mwaka na tarakimu ya robo ya mwaka. A ni 1955. Laiti mashine yetu ingekuwa na alama hiyo, dai la 1941 lingeanguka papo hapo, hata kama lingesemwa na watu mia.

Nne tuitafute njia yake. Vitu havikufika Garissa kwa mgongo wa jeshi peke yake. Jubaland, pamoja na Kismayu, ilikuwa sehemu ya Kenya mpaka Uingereza ilipoikabidhi Italia mwaka 1925. Mpaka ulihama, lakini ukoo, ngamia na biashara havikuhama pamoja nao. Mashine isiyo na jina yaweza kuwa ilitoka Mombasa, Aden au Kismayu, mkobani mwa mfanyabiashara au katika sanduku la baharia wa Kisomali. Chuma hakisemi kilipita wapi. Wazee ndio wasemao. Kwa hiyo neno la mzee na alama ya chuma ni mashahidi wawili, na hakimu mwema huwasikiliza wote.

Baada ya hayo yote hukumu yetu yaweza kuwa fupi: "Mashine ya kunyolea, yaelekea baada ya 1921, mtengenezaji hajulikani, jamaa wasema ni ya askari." Hukumu hii haina fahari, lakini ni amana. Yasemwayo na jamaa yameandikwa kuwa ni usemi wao, na yaliyoonwa na macho yameandikwa kuwa yameonwa.

Pengine utauliza, kuna hasara gani tukikosea kwa wembe mmoja? Sehemu kubwa ya maandishi ya kale juu ya Kaskazini Mashariki yaliachwa na maofisa waliotoka mbali. Maisha ya wenyeji yamo vinywani mwa wazee na masandukuni mwao. Tukikitupa chombo kwa kuwa hakina jina, tumemfukuza shahidi. Tukikivisha jina la uongo, tumemfundisha shahidi kusema uongo.

Basi ukipata chombo cha namna hiyo, usikisugue kwa mchanga, maana alama hufutika. Andika kimepatikana wapi, kwa nani, na mwenyewe asema nini. Wahenga walinena: mtoto akililia wembe, mpe. Nasi mwanafunzi akiulilia wembe wa kale tumpe, na kalamu pia.