Ugonjwa wa madoa meupe wa samaki wa baharini

Ugonjwa wa madoa meupe wa samaki wa baharini ni maradhi yanayosababishwa na kimelea cha seli moja kiitwacho Cryptocaryon irritans. Huwapata samaki wa aina nyingi wa maji ya chumvi, hasa wanaofugwa katika akwaria na vizimba. Baharini vimelea hutawanyika na samaki huhama, hivyo madhara huwa madogo. Ndani ya tangi kimelea humkuta samaki yuleyule tena na tena, na samaki wote wanaweza kufa.

Jina la kisayansi lilitolewa na Brown mwaka 1951. Ugonjwa unafanana na ule wa madoa meupe wa maji baridi, lakini huo husababishwa na kimelea kingine, Ichthyophthirius multifiliis.

Mzunguko wa maisha

Kimelea hupitia hatua nne:
- Trofonti: huishi chini ya ngozi ya juu na ndani ya matamvua, kikila seli na majimaji ya samaki kwa siku 3 hadi 7.
- Protomonti: humwacha samaki na kutambaa chini ya tangi kwa saa kadhaa.
- Tomonti: hujishikiza kwenye mchanga, mawe au kioo, hujifunika kwa ganda gumu na kugawanyika ndani yake.
- Theronti: hutoka kwenye ganda na kuogelea kutafuta samaki. Asipopatikana, hufa ndani ya siku moja au mbili.

Magamba mengi hupasuka baada ya wiki moja hivi, lakini mengine yameonekana kuchelewa hadi siku 72.

Dalili

Samaki huwa na madoa meupe mwilini na kwenye mapezi, yenye ukubwa wa chembe za chumvi. Hujikuna kwenye mawe, hupumua haraka, hutoa ute mwingi, hukataa chakula, na macho huweza kuwa na ukungu. Pengine vimelea huwa kwenye matamvua tu, na samaki hufa kwa kukosa hewa bila doa kuonekana. Kangaja (familia Acanthuridae) hushambuliwa kwa urahisi.

Matibabu

Dawa nyingi huua theronti tu. Trofonti hukingwa na ngozi ya samaki, na tomonti hukingwa na ganda lake. Kwa hiyo madoa yakitoweka si lazima samaki awe amepona. Huenda vimelea vimeshuka chini kuzaliana. Mfugaji anayeacha dawa siku hiyo huona ugonjwa ukirudi kwa nguvu zaidi baada ya siku chache.

Njia zinazotumika sana ni hizi:
- Shaba: mrututu huwekwa majini hadi shaba ifikie miligramu 0.15 hadi 0.20 kwa lita, kwa wiki tatu au zaidi. Kiwango hupimwa kila siku, kwani kikipungua hakiui kimelea na kikizidi humdhuru samaki. Shaba huua matumbawe, kamba na konokono, na ni hatari kwa papa na taa. Tiba hii hufanyika katika tangi la pembeni.
- Kupunguza chumvi: maji ya bahari huwa na chumvi gramu 35 hivi kwa lita. Hupunguzwa polepole hadi gramu 15 au chini kidogo kwa wiki tatu au zaidi. Njia hii pia haifai kwa matumbawe.
- Kuhamisha samaki: samaki huhamishiwa tangi safi na kavu lililojazwa maji mapya kila baada ya siku 3, mara nne. Vimelea vinavyodondoka huachwa nyuma kabla havijapasuka.

Kinga

Samaki mpya hutengwa karantini kwa wiki nne hadi sita kabla ya kuchanganywa na wengine. Nyavu na ndoo zisitumiwe kwa matangi mawili bila kukaushwa kabisa. Matumbawe na mawe yanaweza kubeba tomonti, hivyo nayo hutengwa mbali na samaki. Tangi lililopata ugonjwa huachwa bila samaki. Wafugaji wengi hungoja siku 76 ili kupita muda mrefu wa tomonti.

Samaki aliyepona hupata kinga kwa muda, lakini anaweza kubaki na vimelea vichache na kuwaambukiza wengine.