Mageuzi ya mashirika ya misaada ya afya

Mageuzi ya mashirika ya misaada ya afya ni mabadiliko ya muundo na taratibu yanayofanywa na mashirika ya nchi wahisani kuhusu namna ya kutoa fedha za afya. Kiini chake ni mamlaka: nani apange, nani atie saini, nani akague.

Chimbuko

Hadi miaka ya 1990, mhisani mmoja alishika chanjo, mwingine uzazi wa mpango, mwingine malaria, kila mmoja na gari lake, akaunti yake na fomu yake. Mganga mkuu wa wilaya aliandika taarifa zilezile mara nyingi kadiri ya idadi ya wafadhili. Mwaka 1995 jopo la mchumi wa Kanada, Gerald Helleiner, lilibainisha kuwa wahisani nchini Tanzania walijiingiza mno katika maamuzi, na serikali ikakosa umiliki wa mipango yake. Azimio la Paris la 2005 liliufanya umiliki huo kuwa ahadi ya kimataifa.

Mfuko wa Pamoja wa Afya

Tanzania ilianzisha mfuko huu, unaokusanya fedha za wahisani mahali pamoja, mwaka 1999. Miongoni mwa waliouchangia kwa nyakati tofauti ni Denmark, Ireland, Uswisi na Benki ya Dunia. Masharti yake yaliyagusa mashirika yenyewe: yalipaswa kukubali mpango mmoja, taarifa moja na ukaguzi wa pamoja.

Awali fedha ziliishia halmashauri. Tangu mwaka wa fedha 2017/18 huingia moja kwa moja katika akaunti ya zahanati au kituo cha afya. Mganga mfawidhi huketi na kamati ya usimamizi, yenye wajumbe wa jamii, wakapima lipi litangulie: kuongeza dawa au kuziba paa la chumba cha kujifungulia.

Mabadiliko ya karibuni

Mwaka 2020 Uingereza iliiunganisha idara yake ya misaada, DFID, iliyoundwa 1997, na Wizara ya Mambo ya Nje. Shirika la misaada la Marekani, USAID, lililoasisiwa 1961, lilikoma kutoa misaada tarehe 1 Julai 2025, na programu zilizosalia zikahamia wizara ya mambo ya nje ya nchi hiyo.

Ofisi ya mhisani inapofungwa, mradi uliojengwa nje ya mfumo wa nchi hufungwa nayo, na watumishi wake huondoka. Fedha zilizopitia kwenye mfumo nazo zikipungua huumiza, ila huacha akaunti, kamati na watu waliokwisha kujizoeza kupanga. Kwa mama anayejifungua usiku katika zahanati ya kijiji, hiyo ndiyo tofauti yenye uzito.