Msaliti Aliyebaki Hai

Wengi wetu tulianza na The Departed ya Martin Scorsese, 2006. Mimi nasimama na asili yake: Infernal Affairs ya Hong Kong, 2002. Kisa ni kilekile: polisi kajificha kwa majambazi, jambazi kajificha kwa polisi. Tofauti iko mwishoni. Kule Boston msaliti anapigwa risasi, basi, twende tukalale. Hong Kong, msaliti wa Andy Lau anabaki hai, na jina la Kichina la filamu linataja jehanamu ya Kibuddha isiyo na mapumziko. Mji wenyewe ulikuwa umerudishwa China mwaka 1997, kuuliza “mimi ni wa nani?” hakukuwa mchezo. Toleo la China Bara likabadilishwa mwisho: akakamatwa. Mimi bado naogopa ule wa kwanza.