Protini kinzabarafu za bakteria

Protini kinzabarafu za bakteria ni protini zinazotengenezwa na baadhi ya bakteria wa maeneo ya baridi kali. Hushika fuwele za barafu na kuzizuia zisikue. Mfano unaojulikana vyema ni wa *Marinomonas primoryensis*, bakteria wa Ziwa Ace, Antaktika. Muundo wa sehemu inayoshika barafu, uliochapishwa mwaka 2011, ni mnyororo wa asidi amino uliojiviringisha kuzunguka mhimili mmoja, kila mzunguko ukikazwa na ayoni ya kalsiamu. Upande wake mmoja ni bapa, na safu za threonini zilizopo hapo husaidia kuyapanga maji kwa namna inayokaribia mpangilio wa barafu.

Ni kweli kwamba maabarani sehemu hiyo hushusha kiwango cha kuganda, lakini hilo halitoshi kuifanya kinga ya seli: ni takriban asilimia 2 tu ya protini nzima, nayo hukaa nje ya seli. Sehemu kubwa iliyobaki ni mkono mrefu wa vipande vinavyojirudia. Muundo huo unafaa zaidi kazi ya nanga, yaani kumshikilia bakteria chini ya tabaka la barafu, penye mwanga na oksijeni. Tena, sehemu nyingine ya protini hiyohiyo hushika diatomu, viumbe wanaozalisha oksijeni hiyo.